Mwalimu wa Karatasi za Kaki

Katika shule yetu, iliyozungukwa na majani chai pande tatu na barabara ya kwenda Litein upande wa nne, kulikuwa na mwalimu mmoja tu asiyekunywa chai. Hakuwa mgonjwa, wala dini yake haikumkataza. Alisema harufu yake anaipata bure kuanzia asubuhi hadi jioni, na hiyo inamtosha. Saa nne ikigonga, sisi wengine tukikimbilia birika, yeye alijimiminia maji ya moto kwenye kikombe cha bati akayanywa polepole, akitutazama kama mtu anayetuhurumia.

Alifundisha hesabu na sanaa. Watoto walimwita Mwalimu wa Karatasi, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika kama aliyebatizwa hivyo. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, aliyekuja huku na mumewe kama wengi waliofuata kazi ya kiwandani. Nilipomkuta alikuwa tayari na mvi mbili tatu juu ya sikio la kushoto, na sauti ambayo haikuwahi kupanda hata mvua ikipiga mabati. Mvua ikizidi, aliacha kusema kabisa, na darasa likaendelea.

Mimi nilifika pale moja kwa moja kutoka chuoni, kijana wa milima ya Kisii, suruali imenyooka kwa pasi na kichwa kimejaa mbinu. Mwalimu mkuu aliniambia nikae wiki moja nyuma ya darasa la huyo mama nione kazi. Nikakaa.

Siku ya kwanza hakuandika chochote ubaoni. Aligawa vipande vya karatasi nzito ya kaki, akamwambia kila mtoto akate pembetatu yoyote anayotaka. Wengine walikata nyembamba kama mkuki, wengine pana, wengine zilizolala upande mmoja. Akawaambia walaze ubavu mrefu chini, kisha wakunje kona ya juu ishuke moja kwa moja hadi iguse ubavu huo, bila kupinda upande. Halafu kona mbili zilizobaki zikunjwe ziifuate hapo hapo.

"Kona na kona zisalimiane," alisema. Hilo lilikuwa neno lake. Nililisikia mara elfu.

Watoto wakakunja. Kona tatu zikakutana mahali pamoja, bega kwa bega, bila nafasi kati yao, na chini yao ukatokea mstari ulionyooka. Alitembea kati ya madawati akiwa amefunga mikono nyuma. Msichana mmoja, ambaye mamake alichuma chai kwenye shamba la jirani, aliinua mkono akasema pembetatu yake haifanani na ya jirani yake, lakini zote mbili zimefanya kitu kimoja.

"Basi?" mwalimu akauliza.

Msichana akatazama dawati la mbele, kisha la nyuma. Akasema, "Basi ni zote."

Mwalimu aliitika kwa kichwa, akatoka nje kidogo, akarudi. Baadaye niligundua alikuwa na tabia hiyo: mtoto akifika mahali pazuri, yeye hutoka nje. Siku hiyo sikuelewa. Nilichoandika kwenye daftari langu ni hiki: dakika arobaini, kanuni moja ya pembe za pembetatu. Mimi ningeisema kwa dakika moja, nikatoa mazoezi kumi.

Hizo karatasi za kaki zilikuwa na hadithi yake. Chai inayosafirishwa hujazwa kwenye magunia ya karatasi nene, na gunia likichanika halirudi kazini. Mumewe alifanya kazi kwenye upakiaji. Aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, na kila mwisho wa mwezi boda boda ilileta shuleni furushi la magunia yaliyochanika. Watoto waliyafungua, wakayafuta vumbi la chai, wakayapiga mistari na kuyagawa. Ndiyo maana vitabu vyote vya darasa la saba vilinukia chai, na panya wa stoo yetu, kwa maneno ya mlinzi, walikuwa wachangamfu kuliko panya wa kawaida.

Mwezi wa kwanza wa mwaka alikataza rula. Ukitaka mraba, unachukua karatasi ndefu, unakunja ubavu mfupi uanguke juu ya ule mrefu, unapitisha ukucha wa kidole gumba, na kile kinachobaki unakichana. Ukitaka nusu, unakunja. Ukitaka robo, unakunja tena. Alisema rula humwambia mtoto jibu kabla hajauliza swali. Mwezi wa pili alipogawa rula, watoto walizitumia kuhakiki mikunjo yao, na ikiwa rula na mkunjo havikubaliani, waliishuku rula.

Kwenye sanaa alikuwa yule yule. Alikunja karatasi mara tatu, akaweka tone la rangi ya mkaa au ya majani yaliyopondwa, akaifungua, na ua likawa limejichora mara nane. Kisha aliwauliza ni nini kilichojirudia na ni nini kilichogeuka. Ukimuuliza kama kipindi ni cha sanaa au cha hesabu, alikuambia angalia ratiba ukutani.

Lakini usidhani alikuwa mtu nadhifu. Mkoba wake ulikuwa jalala. Ukimwomba kalamu, ilitoka na ganda la njugu, risiti ya zamani, na nusu ya kitana. Shuka hakuweza kuzikunja. Mumewe alitusimulia haya kwenye sherehe ya shule, mbele yake, kwamba mkewe ana uwezo wa kukunja nyota ya ncha kumi na mbili lakini shuka anaibumba kama ugali na kuisukuma kabatini. Yeye alicheka kuliko wote. Alisema shuka haina kona za kweli, ni uwongo wa kiwanda.

Jambo jingine ni ndege za karatasi. Alizipiga marufuku darasani kabisa. Mtoto akirusha ndege, anaambiwa aifungue, ahesabu mikunjo yake, na aeleze kila mmoja ni wa kazi gani mbele ya wenzake. Adhabu hiyo iliogopwa kuliko kufyeka nyasi. Lakini Ijumaa moja, wanafunzi wakiwa wamekwenda nyumbani, nilirudi kuchukua mwavuli nikamkuta peke yake kwenye dirisha la ofisi ya walimu. Alirusha ndege ya kaki, kubwa, ikapita juu ya ua na kuelea kule kwenye chai hadi tukaipoteza machoni. Aligeuka akaniona.

"Umeona nini?" aliniuliza.

Nikamwambia nimeona mwavuli. Akasema vizuri, uchukue uende.

Kuna mwaka wa uchaguzi ambao hatutausahau. Kura zilipokwisha, mabango ya wagombea yalibaki kwenye kila mti na kila nguzo hadi Kericho. Yeye aliwatuma watoto wayabandue. Darasa la saba likakunja vipande thelathini vinavyofanana, kila kimoja na mifuko miwili na ncha mbili, kisha wakavichomeka kimoja ndani ya kingine bila gundi hadi ukapatikana mpira wenye miiba, mkubwa kama tikiti. Ulikuwa mzuri ajabu. Ila kila ukiuzungusha, ulikutana na jicho la mgombea mmoja karibu na meno ya mwingine.

Mwalimu mkuu alisahau kuuondoa mezani, na yule aliyeshinda kiti cha wadi akaja kutushukuru. Akauona. Aliuinua, akauzungusha, akajitafuta. Akasema kidevu ni chake lakini paji la uso ni la mpinzani wake. Akauliza umeshikiliwa na nini. Mwalimu wa Karatasi akamwambia haujashikiliwa na kitu, vipande vinashikana vyenyewe kwa sababu kila kimoja kimekubali kuingia kwa mwenzake. Mheshimiwa akaomba apewe. Nasikia uko ofisini kwake hadi leo, na wageni huambiwa ni zawadi kutoka ng'ambo.

Sifa zake zilitoka nje ya shule kwa sababu ya ndugu wawili. Walikuwa wazazi pale kwetu, wote wawili wenye watoto shuleni, na walikuwa wameacha kusalimiana. Baba yao alikuwa amewaachia kipande cha chai chenye pembe tatu: ubavu mmoja barabarani, kisha kinapungua kikishuka hadi ncha yake inafika kijitoni. Mkubwa alitaka kikatwe kwa mkato wa kukingama, yeye achukue upande wa barabara. Mdogo aliona kwamba atabaki na mtoni, bila njia ya kupitisha chai yake. Wazee walikaa mara nyingi wakachoka. Siku ya mkutano wa wazazi, ndugu hao walianza kutupiana maneno kwenye lango, na mwalimu mkuu akawa anatafuta mlinzi.

Mwalimu wa Karatasi alitoka na kipande cha kaki. Aliwaomba wamkatie umbo la shamba hilo, na kwa kuwa kila mmoja aliogopa mwenzake ataliharibu, walilikata wakisaidiana. Akachukua ubavu wa barabara, akakutanisha kona zake mbili, akabana katikati. Akafungua, akakunja tena kutoka hapo hadi kwenye ncha ya mtoni.

"Kila mtu ana barabara, kila mtu ana maji," alisema.

Mdogo alitazama akakataa. Shamba hilo lilikuwa limeinama upande, kwa hiyo kipande kimoja kilionekana kinene na kingine kirefu kama mtu aliyelala. Akasema, "Mwalimu, hii yangu imekonda. Hata mtoto anaona."

Yeye hakubishana. Alisema vipande hivyo vinalingana, lakini wasiamini mdomo wake. Waende wapige kamba pale pale palipo na mkunjo, kisha wahesabu mashina ya chai. Walihesabu siku mbili, watoto wa darasa la saba wakiwa mashahidi, wakidondosha punje ya mahindi kwenye mkebe kwa kila shina. Mikebe ilipomwagwa, tofauti haikufika mashina ishirini. Mkubwa akasema hayo yaliyozidi amwachie mdogo wake. Wakashikana mikono. Mpimaji wa ardhi alipokuja baadaye akaweka mawe ya mpaka pale pale. Yule mkubwa alileta kuku shuleni, na Mwalimu wa Karatasi alimpokea bila hata kusema "usingejisumbua".

Sasa nifike pale ambapo mimi mwenyewe naingia, na si pazuri.

Mwaka wangu wa pili, matokeo ya hesabu ya mtihani wa kitaifa yalishuka. Wazazi walikuja juu. Mama mmoja alisimama kwenye mkutano akasema, "Mtoto yangu anakunja makaratasi kila wiki. Hiyo mtihani nayo itakunjwa?" Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwalimu mkuu alituomba kila mwalimu wa madarasa ya juu amwandikie, kwa siri, anachodhani ndicho tatizo.

Niliandika ukurasa mmoja. Sikumtukana. Nilisema tu kwamba darasa la saba linapoteza kipindi kizima kwa jambo linaloweza kusemwa kwa sentensi moja, na kwamba watoto wanahitaji mazoezi zaidi na michezo kidogo. Niliweka mifano. Nilitoa ile ya dakika arobaini kutoka kwenye daftari langu. Nilikuwa kijana, na nilitaka sana hesabu za darasa la saba ziwe zangu.

Zikawa zangu. Muhula uliofuata, Mwalimu wa Karatasi alihamishiwa darasa la pili. Alibeba sanduku lake, akavuka uwanja, akaingia. Hakulalamika mezani. Aliendelea kunikatia nusu ya chapati yake saa nne kama kawaida.

Mimi nikafundisha kwa nguvu. Mazoezi kumi, mazoezi ishirini. Watoto wakajua kwamba pembe za pembetatu hujumlishwa kupata nyuzi mia moja na themanini. Ungewaamsha usingizini wangekuambia. Lakini nilipowapa pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, nusu yao walisema hiyo haijafundishwa. Matokeo hayakupanda. Kwenye maumbo, yalishuka zaidi. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu mimi nilikuwa nikionekana ninafanya kazi.

Siku moja nilipita nyuma ya darasa la pili nikachungulia dirishani. Watoto wa miaka saba walikuwa wakikunja nusu na robo, na mmoja alikuwa akimweleza mwenzake, kwa Kikipsigis na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, kwamba robo mbili zikilazwa juu ya nusu zinalingana nayo, angalia, hazitokezi. Mwalimu alikuwa nje, ameegemea ukuta wa upande wa pili, anatazama mawingu. Nikarudi darasani kwangu, nikachana kalenda ya zamani ukutani, nikaanza kukunja. Nilikosea mara nyingi. Watoto wangu walinisahihisha, kwa sababu wengi wao walikuwa wamepitia mikononi mwake kwenye vipindi vya sanaa.

Tangu siku hiyo sijaacha. Lakini sikumwambia. Ningemwambia hilo, ingebidi nimwambie na lile lingine. Akastaafu. Kwenye sherehe ya kumuaga nilisoma hotuba nzuri, na yeye akanishukuru kwa jina. Nikahamia shule nyingine, miaka ikapita, mumewe akafariki, naye mwalimu akahamia Sigor, upande wa Bomet, kwenye shamba dogo walilokuwa wamenunua.

Desemba iliyopita nilikuwa na shughuli Bomet, nikasema lazima nifike. Nilimkuta uani; mkaza mwanawe alikuwa jikoni akipika. Yeye alikuwa ameketi kwenye stuli akipukuchua mahindi, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Alinitambua kabla sijafika langoni. Tukaulizana habari za watoto, za mvua, za nani amekufa. Nikachukua hindi nami nikaanza kupukuchua. Nilipoona nimemaliza mahindi matatu bila kusema kilichonileta, nikasema.

"Mwalimu, ile barua iliyokutoa darasa la saba niliiandika mimi."

Hakusimamisha mikono. "Najua," alisema. "Nilijua wiki hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alinipa nisome. Alisema ni haki yangu."

Akaniambia kwamba ilimuuma, hawezi kunidanganya. Alikaa nyumbani siku mbili akasema ana malaria. Mimi nilizikumbuka siku hizo mbili. Nilikuwa nimempelekea machungwa.

"Machungwa yalikuwa matamu," alisema, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Kuandika si kosa. Uliona saa inapotea, ukaandika. Lakini mimi na wewe tulikaa meza moja mwaka mzima. Hukuniuliza hata siku moja kwa nini nafanya vile."

Nikasema ni kweli, sikuuliza.

"Bado naishi," alisema.

Basi nikamuuliza. Akanieleza kwamba alipokuwa msichana alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, miaka yote, kwa sababu alikuwa na kichwa cha kukariri. Alijua kila kanuni. Akaenda chuo cha walimu, akapelekwa mazoezini, na siku ya tatu mtoto mmoja akamuuliza kwa nini ni mia moja na themanini, kwa nini isiwe mia mbili. Akafungua mdomo, akakuta hamna kitu. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba mizigo ya watu bila kujua ndani mna nini. Alimjibu yule mtoto kwa ukali, anyamaze, aandike. Jioni aliketi na karatasi, akaikata, akaikunja huku na huku hadi kona zilipokutana, na alilia kwa furaha na kwa aibu ya alivyomkaripia yule mtoto. Alipopata ujasiri wa kumwomba radhi, muda wa mazoezi ulikuwa umekwisha.

"Sasa unajua," alisema, akachukua hindi jingine.

Nikamwambia kwamba mimi pia nakunja. Nikamwambia ni miaka mingi sasa, tangu siku ile nilipochungulia dirisha la darasa lake la pili, na kwamba kule niliko walimu watatu wadogo wamejifunza kwangu, na mmoja wao ananipita.

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Alivua miwani, akanitazama.

"Hilo sikulijua," alisema. "Ile barua nimekaa nayo miaka hii yote. Mbona hili hukuniletea?"

Nikasema niliogopa. Alitikisa kichwa, akafuta macho kwa upindo wa leso, akageukia jikoni na kumwita mkaza mwanawe atoke, aache sufuria, avute stuli aje asikie. Yule mama akatoka akipangusa mikono, akaketi.

"Anza tena," Mwalimu akaniambia. "Anza pale dirishani."

Nikaanza tena.